Je, ni kweli kijiji cha Uswisi kinalipa watu wakahamie? Jibu kuhusu Albinen

Swali: Mwalimu, kuna ujumbe unazunguka kwenye WhatsApp kwamba kijiji kimoja cha Uswisi kinachoitwa Albinen kinampa dola 70,000 kila mwenye familia atakayehamia huko. Mdogo wangu wa kiume ameshaanza kuulizia nauli. Je, ni kweli? Hicho kijiji kiko wapi hasa, kina watu wangapi, na inakuwaje nchi tajiri namna ile ikose watu wa kukaa kijijini? (Msomaji, Moshi)

Jibu:

Dada yangu, mwambie mdogo wako asiuze kitu bado. Ujumbe huo haukutungwa hewani, ila umekatwa mkia: masharti yote yamebaki huko huko ulikotoka.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 30 Novemba 2017 wakazi wa Albinen walikaa kwenye mkutano wao mkuu wakapiga kura kuamua kama fedha za kijiji zitumike kuwavuta wakazi wapya. Waliokubali walikuwa 71, waliokataa 29. Walichopitisha ni faranga 25,000 kwa kila mtu mzima na faranga 10,000 kwa kila mtoto. Baba, mama na watoto wawili, jumla 70,000. Namba ya kwenye simu yako ilitoka hapo, isipokuwa ni faranga za Uswisi, si dola.

Sasa mkia wenyewe. Mwombaji awe chini ya miaka 45. Anunue, ajenge au akarabati nyumba yenye thamani isiyopungua faranga 200,000, na nyumba hiyo iwe makazi yake ya kudumu, si ya kuja kupumzika. Akiondoka kabla ya miaka 10 kutimia, anarudisha fedha. Tena awe raia wa Uswisi, au mgeni mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, kile wanachokiita kibali C.

Hilo la kibali ndilo linalomfungia mlango mdogo wako. Kibali C hakiombwi ubalozini. Hupewa mtu aliyekwisha kuishi Uswisi kihalali, na kwa raia wa nchi kama yetu kwa kawaida ni baada ya miaka 10. Kwa hiyo fedha zile hazikuwekwa kumtoa mtu Moshi. Ziliwekwa kumtoa mtu Bern, au Sierre, au hata mji wa Leuk ulioko chini ya mlima ule ule. Habari ilipoenea, maombi yalimiminika kutoka kila pembe ya dunia, mpaka ofisi ile ndogo ya kijiji ikalazimika kutoa tangazo la kuwaomba watu waache kuelewa vibaya.

Nije kwenye maswali yako mengine, ambayo kwangu mimi ndiyo yenye utamu.

Ukisoma habari hizi kwa Kiswahili utakuta Albinen inaitwa manispaa. Neno hilo linachanganya. Kwetu manispaa ni kama hapo Moshi: soko kuu, stendi, meya, watu hawahesabiki kwa macho. Uswisi ina ngazi tatu tu za utawala: shirikisho, majimbo 26 wanayoyaita kantoni, na chini kabisa kitu kinachoitwa Gemeinde kwa Kijerumani au commune kwa Kifaransa. Zurich yenye watu zaidi ya 400,000 ni Gemeinde. Albinen, iliyokuwa na wakazi wapatao 240 wakati wa kura ile, nayo ni Gemeinde. Mamlaka ya msingi yanalingana: kila moja ina bajeti yake, halmashauri yake, na sauti juu ya kodi yake.

Katika jimbo la Albinen mkutano ule mkuu huitwa Urversammlung. Wewe ukiingia hutapotea, maana ni mkutano mkuu wa kijiji ule ule tunaoujua Tanzania, ila huu una meno ya fedha. Uswisi mtu hulipa kodi ya mapato kwa shirikisho, kwa jimbo, na kwa Gemeinde anayoishi. Jambo la kushika hapa ni hilo la mwisho. Kodi ya kijiji humfuata mtu pale alipojiandikisha kuwa ndipo kwake. Mwenye nyumba nzuri Albinen lakini makazi yake rasmi yako Zurich, kodi yake ya mapato hunufaisha Zurich. Ukilielewa hili, utaona kwa nini masharti ya 2017 yalikazia makazi ya kudumu kuliko kitu kingine.

Sasa ramani. Pembe ya kusini-magharibi ya Uswisi kuna jimbo la Valais, au Wallis kwa Kijerumani. Jimbo zima ni kama bonde moja refu lililochimbwa na barafu ya kale. Mto Rhône unapita katikati ukielekea magharibi na hatimaye kuingia Ziwa Geneva, na kaskazini na kusini mwake kuna milima ambayo vilele vyake hupita mita 4,000. Kuta hizo huzuia mawingu pande zote mbili. Ndiyo maana watu hushangaa wakisikia kwamba katikati ya Alps, mahali tunapopafikiria kuwa ni theluji na majani mabichi tu, kuna ukame. Sion, makao makuu ya jimbo, hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka. Zurich hupata zaidi ya 1,000.

Wewe ni mtu wa Kilimanjaro, kwa hiyo hili litakuchekesha: dawa ya ukame huo ilikuwa mifereji. Wazee wa Valais walichonga mifereji pembeni mwa majabali, mahali pengine wakaitundika kwa mbao juu ya genge, wakaleta maji ya theluji iliyoyeyuka hadi kwenye mashamba. Wanaozungumza Kijerumani huiita Suonen. Zamu za maji zilipangwa kwa saa, na aliyeiba zamu ya mwenzake alijua kitakachompata. Mtu aliyekulia kwenye mifongo ya Uchagani hahitaji kuelezwa zaidi.

Albinen yenyewe imekaa upande wa kaskazini wa bonde, kwenye bega la mlima, mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Chini kabisa, Rhône inapita kwenye mita 600 na ushee. Juu, malisho yanapanda kuelekea mlima Torrenthorn ambao unakaribia mita 3,000. Eneo lote la kijiji ni kilomita za mraba 15 na kidogo, na sehemu kubwa ni msitu, malisho na miamba. Ukigawa watu 240 kwa eneo hilo unapata watu 15 au 16 kwa kilomita ya mraba, wakati wastani wa nchi nzima ni karibu 220.

Mita 1,300 si kitu kwako; Arusha mjini ni juu zaidi ya hapo. Lakini Albinen iko nyuzi 46 kaskazini mwa ikweta, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Kwetu jua la adhuhuri hupita utosini, miezi mingine likielemea kaskazini, miezi mingine kusini. Kule halivuki kamwe kwenda kaskazini. Mwezi Desemba, saa sita mchana, linakuwa nyuzi 20 tu juu ya upeo wa macho. Ukiwa na mlima mrefu kusini mwako, unaweza kukaa wiki kadhaa bila kuliona. Kwa hiyo katika mabonde ya Alps, mteremko unaotazama kusini ni mali. Albinen inatazama kusini. Watu hawakuchagua kuning'inia pale kwa kupenda shida. Walifuata jua, na waliliacha bonde kwa Rhône ambayo zamani ilikuwa ikifurika itakavyo.

Jirani wa karibu ni Leukerbad, mji wa chemchemi za maji moto ambazo hufika nyuzi joto 51. Kwa macho ni pale tu. Kwa miguu kuna bonde la mto Dala na jabali lililosimama wima, na kwa karne nyingi njia ya mkato ilikuwa ngazi nane za mbao zilizofungwa kwenye mwamba. Zipo mpaka leo. Nilipokwenda miaka kadhaa iliyopita, nilifika chini ya ngazi ya kwanza nikatazama juu, kisha nikakumbuka kwamba kuna basi.

Watu waliishije mahali kama hapo? Kwa kuutumia mlima wote kutoka chini hadi juu. Familia za miteremko hii zilikuwa na kipande cha mizabibu karibu na bonde, shamba la nafaka kijijini, jani la ng'ombe juu kidogo, na malisho ya kiangazi juu kabisa, na mwaka mzima walikuwa wakipanda na kushuka kufuata kazi. Nyumba zilijengwa kwa magogo ya mti uitwao lachi, ambayo jua huyachoma mpaka yanakuwa karibu meusi. Ghala za nafaka zilisimamishwa juu ya miguu yenye visahani vipana vya jiwe, panya asipite.

Na urithi uligawanywa sawasawa kwa watoto wote. Inasikika kuwa haki, na ni haki, lakini baada ya vizazi vitano shamba limekuwa leso. Hata nyumba iligawanywa: kaka ana ghorofa ya chini, dada ana ya juu, mjukuu ana nusu ya ghala. Leo kijana akitaka kununua nyumba tupu kijijini, anaweza kukuta wamiliki kumi na wawili waliotawanyika miji mitano, na mmoja hajibu barua. Hiyo ni sababu mojawapo nyumba za kale hukaa zimefungwa huku familia changa zikikosa pa kuishi. Nadhani kihamba, shamba la ukoo la Uchagani, nacho unakijua.

Kupungua kwa watu hakukuanza juzi. Katika karne ya 19 njaa na uhaba wa ardhi viliwatoa watu wa Valais ya juu hadi Amerika ya Kusini. Mji wa San Jerónimo Norte kule Santa Fe, Argentina, ulianzishwa mwaka 1858 na familia kutoka huko. Kisha reli zikaja: mwaka 1906 handaki la Simplon la kwenda Italia, mwaka 1913 handaki la Lötschberg la kwenda Bern. Mwaka 1908 kiwanda cha aluminiamu kikaanza Chippis, karibu na Sierre, kikitumia umeme wa maji. Ndipo akatokea mtu wa aina mpya, mkulima wa nusu siku: usiku kiwandani, mchana kwenye nyasi za ng'ombe wake. Kwa muda mpango huo ulivibakiza vijiji vya mlimani hai. Lakini mtoto wa mkulima huyo hakuona kwa nini aendelee kukata nyasi kwenye mteremko ambao mashine haisimami. Alibaki na kiwanda, akaacha ng'ombe, akaoa, akajenga bondeni.

Hapo ndipo takwimu za kijiji kidogo zinapokuwa na tabia ya ajabu. Kwenye mji wa watu 200,000, familia moja ikihama hakuna anayejua. Kwenye kijiji cha watu 240, familia ya watu watano ikipakia vitu kwenye lori, asilimia mbili ya wakazi imeondoka asubuhi moja. Miaka michache kabla ya kura, familia chache zenye watoto zilihama Albinen, idadi ya wanafunzi ikashuka, shule ikafungwa. Watoto waliobaki wakawa wanapanda basi kwenda kusoma nje ya kijiji. Na shule ikishafungwa, mzazi kijana anayetafuta pa kuishi anaivuka Albinen kwenye orodha yake hata kabla hajaiona. Ndiyo maana ruzuku ile iliwekewa ukomo wa umri na fungu la kila mtoto. Kijiji hakikuwa kinatafuta matajiri wazee wa kuja kuotea jua, hao kinao.

Nikuambie kuhusu hao. Albinen haina upungufu wa nyumba kwa maana ya mapaa. Nyingi ni za watu wa mjini wanaokuja wikiendi, au wakati wa kuteleza kwenye theluji, kwa sababu eneo la Torrent liko pale juu. Madirisha hufungwa miezi mingi. Uchagani mnaona kitu cha jamaa moja na hicho: majumba makubwa yenye mlinzi mmoja, yakijaa Desemba na kunyamaza Januari. Tofauti ni kwamba yenu ni ya wana wa pale waliokwenda kutafuta maisha, na za kule nyingi ni za wageni kabisa. Tatizo hili lilikuwa kubwa katika Alps zote hadi tarehe 11 Machi 2012 Waswisi walipiga kura, wakapitisha kwa asilimia 50.6 kwamba Gemeinde ambayo zaidi ya asilimia 20 ya nyumba zake ni za mapumziko isiruhusu mpya za aina hiyo. Jimbo la Valais lilipinga sana, kwa sababu mafundi, maseremala na wauza viwanja walikuwa wakiishi kwa ujenzi huo. Mimi naona kura ile ilikuja imechelewa kwa vijiji vingi: ilizuia nyumba mpya za mapumziko, haikufungua madirisha ya zilizokuwapo.

Umeuliza inakuwaje nchi tajiri ikose watu. Nchi haikosi. Uswisi nzima ni kilomita za mraba 41,285, ndogo kuliko Mkoa wa Morogoro, na mwaka 2024 idadi ya watu wake ilivuka milioni 9. Inaongezeka kila mwaka, ingawa wanawake wake wanazaa kidogo sana. Mwaka 2023 wastani ulikuwa watoto 1.33 kwa mwanamke. Ongezeko kubwa linatoka kwa wahamiaji, na zaidi ya robo ya wakazi hawana uraia wa nchi hiyo. Ila watu hao wote wanajazana kwenye ukanda wa tambarare kutoka Geneva kupitia Bern hadi Zurich, na kwenye miji ya mabondeni. Hata ndani ya Valais jimbo linakua. Ni bega la mlima linalonyauka.

Vijiji vingine vilivyofikia hali hii vilichukua njia nyingine. Corippo, kwenye bonde la Verzasca jimboni Ticino, ilikuwa na watu karibu 300 katikati ya karne ya 19. Ilifika mahali wakazi hawatoshi hata kujaza viti vya halmashauri kwa raha, na mwaka 2020, ikiwa na watu kumi na kitu, ikaunganishwa na majirani zake kuwa Gemeinde moja iitwayo Verzasca. Glarus ilikwenda mbali zaidi: tangu 2011 jimbo zima lina Gemeinde tatu tu, wakati awali zilikuwa 25. Mwaka 1850 nchi ilikuwa na zaidi ya 3,000. Leo zimebaki kama 2,100. Kwa Mswisi huo si uamuzi mwepesi, kwa sababu pasipoti yake haiandikwi mahali alipozaliwa. Huandikwa kwao kwa asili, yaani Gemeinde ya ukoo wake, hata kama yeye na babu yake hawajawahi kulala huko. Kufuta jina la Gemeinde ni kugusa hilo neno “kwetu”.

Kuna pia wanaouliza kama inafaa kuwabakiza watu milimani hata kidogo. Swali hilo lilipamba moto baada ya tarehe 28 Mei 2025, mwamba na barafu viliposhuka na kufukia sehemu kubwa ya Blatten, kijiji cha watu 300 hivi katika bonde la Lötschental, jimbo lile lile. Wakazi walikuwa wameshahamishwa siku kadhaa kabla kwa sababu mlima ulikuwa ukifuatiliwa, na mtu mmoja tu alifariki. Baadhi ya watu wa mijini walisema fedha za kujenga upya ni hasara. Mimi siko upande huo. Kijiji kikihama, kuna kazi zinazobaki bila mwenyewe: kukata nyasi ili zisilale na kuachia maporomoko ya theluji, kusafisha mifereji, kutunza msitu unaokinga barabara.

Je, faranga zile zinasaidia? Kwa maoni yangu zinamsukuma mtu aliyekuwa ameshaegemea mlango. Anayeipa Albinen tumaini zaidi ni ajira ya bondeni. Mji wa Visp una viwanda vya dawa na kemikali vya Lonza, ambavyo vimepanuka sana, na tangu handaki jipya la Lötschberg lifunguliwe mwaka 2007 treni kutoka Visp hufika Bern kwa muda wa saa moja hivi. Mtu anaweza kulala juu na kufanya kazi chini, mradi avumilie kona za barabara na Kijerumani cha Valais, ambacho hata Wajerumani wenyewe husikiliza wakikunja uso. Magharibi kidogo, kwenye kijito cha Raspille kati ya Salgesch na Sierre, lugha inageuka kuwa Kifaransa.

Kwa mdogo wako, basi: kama ana fani inayotafutwa na mwajiri wa Uswisi aliye tayari kumwombea kibali cha kazi, aanzie hapo, na asimlipe wakala yeyote anayemwambia kuna fomu za Albinen za kujaza. Kama anataka kwenda kupaona tu, ashuke treni stesheni ya Leuk, apande basi la mlimani. Na akitaka kwenda Leukerbad kwa zile ngazi nane, angoje kiangazi.